Vidonge Kumi na Vinne

Mdogo wangu kipenzi,

Cherehani inakwenda, mgongo ndio umegoma. Vidonge ulivyonitumia vimefika, ingawa niliomba uje wewe. Nikawa nameza vyako sita kwa siku, juu ya vinane vya zahanati. Muuza dawa alipozisoma pakiti zote mbili akashika kichwa: “Mama wee! Majina mawili, dawa moja! Kwa siku usizidishe vinane, wewe kumi na vinne? Unaliua ini!” Hospitali walinipima damu, nimeponea chupuchupu.

Sasa wewe uliniambia shingo yako unaituliza kwa pakiti hizohizo mbili. Acha leo hii! Nimekulea tangu una miaka minne, na bado sijakuchoka. Usinijibu kwanza, nenda ukapimwe.

Dada yako,
Kamanda