Kwa Kaka Mhina, Kuhusu Simu ya Hamisa

Ankara, Uturuki

Kaka Mhina,

Shikamoo. Nimeanza na salamu hiyo kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea, si kwa sababu leo inanitoka moyoni. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili wangu mzima. Theluji imeanza kuanguka, na kutoka nyumbani hadi kituoni natembea kama kuku aliyeloa. Ya afya yatosha hapo.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu umeifungia namba yangu. Mama mmoja wa Muheza anarudi nyumbani na amekubali kuifikisha hii mpaka dukani kwako. Mengi nitakayoandika unayajua. Nayaandika ili ujue kwamba na mimi nayajua.

Mdogo wetu Hamisa alimaliza kidato cha sita akachaguliwa na vyuo viwili kusoma takwimu. Mwenye vyuo viwili hutumiwa namba ya siri kwenye simu, athibitishe anakokwenda kabla ya siku ya mwisho, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Hilo unalijua vizuri, maana wewe ndiye unayewathibitishia watoto wa watu hapo Chanika, Handeni. Simu ya Hamisa ilikuwa haishiki chaji, ukamwambia ailete. Ukaifungua, ukaitandaza mezani, laini ukaitupa kwenye droo. Kila alipouliza ukamjibu kwamba kifaa bado kinasubiriwa kutoka Korogwe. Wewe ambaye unabadilisha sehemu ya chaji mteja akiwa amesimama! Simu ya mdogo wako ikakushinda mpaka siku ya mwisho ikapita. Na muda wote huo alikuwa anakuuzia vocha na kukufagilia duka, kwa sababu msaidizi wako ameondoka na hujapata mwingine. Usiniambie kwamba hayo mambo mawili hayahusiani.

Kisha ukaenda Kerenge kwa Mama. Alinipigia sauti imeshuka, akaniuliza kama nina chakula. Nilishangaa. Akasema umemwonyesha video ya mzungu anayeeleza kwamba kompyuta sasa zinajiandikia programu zenyewe na hesabu zote zinafanywa na akili mnemba, na kwamba mimi nimeshaachishwa kazi ila naona haya kusema. Ukamwambia ndiyo maana umeamua Hamisa abaki dukani, usimpoteze mtoto kwenye masomo yaliyokufa. Mama yetu hajui kompyuta, anakujua wewe. Alikuamini.

Sasa nikueleze yaliyotokea kazini, ili siku nyingine ukisimulia habari zangu usizitunge.

Ni kweli ofisi yetu ililetewa hiyo mashine ya akili mnemba. Kazi yetu, kama nilivyowahi kukueleza, ni kuchambua taarifa za wagonjwa wa hospitali. Bosi aliisoma habari yake kwenye simu kama unavyosoma wewe, akaamini kama unavyoamini wewe, na wiki hiyo hiyo akawaachisha watu. Mmoja wao ni Elif, dada niliyekaa naye meza moja tangu nilipoanza, ambaye ndiye aliyenifundisha kununua koti la kufaa baridi hii. Alifunga vitu vyake kwenye mfuko wa sokoni akaondoka bila kumwangalia mtu. Kwa hiyo sikatai kwamba watu wanapoteza kazi. Nimewaona kwa macho yangu, na hasira yangu juu ya jambo hilo siwezi kuimaliza kwenye karatasi hii. Habari nyingi za kompyuta zinaandikwa na wenye kompyuta za kuuza, na wanaozisoma kwa kushangilia mara nyingi ni wale wasiojua nani atalipia.

Basi mashine ikapewa taarifa za hospitali, ikatoa ripoti kabla chai haijapoa. Ripoti ilisema kuna hospitali moja ambayo wagonjwa wake wa moyo wanakufa zaidi kuliko wa hospitali nyingine, na ikapendekeza wodi ile ifungwe. Imeandikwa vizuri, haina kosa la herufi. Nikamwendea bosi nikamwambia hiyo ndiyo hospitali inayopelekewa wagonjwa walioshindikana kwingine kote. Ukiwagawa kwa uzito wa ugonjwa, kila kundi linapona zaidi pale kuliko kwingine. Ukiwachanganya pamoja, hospitali bora inageuka kuwa machinjio.

Akasema mashine imeshahesabu.

Nikamjibu, "Imehesabu waliokufa. Haikuuliza walifika katika hali gani."

Akaniambia kama siwezi kufanya kazi na mashine, koti langu liko mlangoni. Sikulichukua. Nilikaa kwenye kiti changu nikakataa jina langu liwekwe chini ya ripoti ile. Kesho yake akampigia mkuu wa hospitali hiyo, akaambiwa maneno yale yale niliyomwambia mimi. Ripoti ikarudishwa kwangu niifanye upya. Hakuniomba radhi. Na Elif hakurudishwa. Huo ndio ukweli wote, mtamu na mchungu. Kazi ninayo, na sijui nitakuwa nayo mpaka lini, kama wewe usivyojua watu wataendelea kutengeneza simu mpaka lini.

Nakueleza haya kwa sababu umefanya kosa lile lile la bosi wangu. Ulimwambia Mama kwamba vijana wote wa Handeni waliosoma kompyuta wako mtaani, unawaona kila siku kwenye benchi lako. Ni kweli, unawaona. Aliyepata kazi Arusha au Mwanza atakuja kukaa kwenye benchi lako kufanya nini? Umewahesabu waliokosa, kwa sababu waliopata hawapo hapo wa kuhesabiwa. Hamisa angejifunza jambo hilo mwaka wa kwanza, na pengine ndilo linalokutia hofu.

Kaka, najua uliacha shule baba alipofariki ili sisi tusome. Hakuna siku nimelisahau. Nilikuwa nikiwasimulia watu hapa habari zako kwa majivuno. Ndiyo sababu limeniuma hivi. Angekuwa mjomba wa mbali aliyefanya hivi nisingepoteza wino.

Nilipompata Hamisa, kwa simu ya Mama siku alipokwenda Kerenge kumwona, nilidhani nitamkuta analia. Hakuwa analia. Aliniambia, "Dada, mimi niliona laini yangu kwenye droo. Nilijua. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Alikungoja, Kaka. Alikuwa akipanga vocha zako kila asubuhi huku akikungoja useme.

Sasa lile usilolijua. Alipokuomba ruhusa aende Mazinde kumuuguza Shangazi, ukamruhusu kwa kununa, Shangazi hakuwa mgonjwa. Yuko mzima, anapalilia. Walikwenda wote wawili Korogwe kwa wakala wa simu, Hamisa akaonyesha kitambulisho, laini yake ikarudishwa kwenye simu ya kuazima. Ile nafasi ya kwanza ilikuwa imekwenda. Awamu ya pili ilikuwa bado wazi. Akaomba upya, vile vyuo viwili vikamchukua tena, akathibitisha kimoja papo hapo kwa wakala. Mama aliambiwa yote. Kisha akamtolea kanga zake mbili mpya na sufuria, akapanda naye mpaka Korogwe kumsindikiza. Aliniambia hajawahi kuona mtoto anapanda basi bila kugeuka nyuma.

Kwa hiyo usimtafute Mazinde, wala usimkasirikie Shangazi. Unaposoma haya Hamisa yuko Dodoma, na masomo yameshaanza. Anasoma takwimu. Mpango wote ulikuwa wangu, ukitaka wa kumgombeza ni mimi.

Sitaki uniombe radhi. Mpigie yeye, namba ni ile ile. Usimpelekee habari za wazungu wala usimweleze hali ya duka. Mwambie kwa nini ulifanya vile, kwa maneno yako mwenyewe, kisha umsikilize. Akikufokea, mwache akufokee. Mimi nitajua kama umepiga, na mpaka utakapopiga hutapata neno lingine kutoka kwangu, si la Idi wala la msiba.

Mpe salamu shemeji yangu, ambaye najua hakushirikishwa. Wasalimie wanao, na yule mkubwa anayependa hesabu mwambie shangazi yake anamkumbuka. Usimfungulie simu yake.

Mdogo wako, kwa sasa kwa damu tu,

Rehema