Kishikwambi cha Zahanati kwa Mayige wa Nyimbo

Mpendwa Dada Mboni, mwangaluka, naomba unisaidie kabla sijaitwa wilayani. Mimi ni muuguzi wa kiume katika zahanati moja huku Bariadi vijijini, tumepewa kishikwambi cha kuandikia wagonjwa, majina, namba za simu, dawa wanazotumia, kila kitu, sasa betri ya sola ilikufa na huku kila mtu anachaji kwa Mayige pale senta, ambaye pia anaweka nyimbo kwenye simu, basi nikampelekea, nikaona siyo vibaya aniwekee na nyimbo kidogo za Kisukuma maana zamu ni ndefu, na ili aziweke ilibidi nimpe namba ya siri, ambayo ni moja mbili tatu nne, kumbe yule mtu mpekuzi, nyimbo zinaingia yeye anafungua majina ya wanaotumia dawa za VVU, akamkuta mama mmoja jirani yake, [jina, kijiji na siku yake ya kliniki nimevifuta, na mengine ya kumtambulisha nimeyabadili – Mboni], ananyonyesha, anauza wali na samaki mnadani, na mnada uliofuata Mayige akawaambia wenzake, hakuna aliyekula kwake, sufuria zikarudi nyumbani zimejaa, na tangu hapo hajaja kuchukua dawa, na mumewe hajui lolote. Mkuu wetu wa zahanati, Sista Wilhelmina, ananiuliza mbona mama huyo haonekani, namjibu labda yuko shamba, kwani si ndiyo msimu wa pamba. Dada, nawaza niseme kishikwambi kimeibiwa, au nikitumbukize kwenye ndoo ya maji, kipi kitaaminika zaidi? Mke wangu ni mjamzito na kazi yenyewe ndiyo hii.

Muuguzi mwenye mawazo, Bariadi

MBONI ANAJIBU

Mwadila, muuguzi. Pole, maana mawazo yako yanachosha hata kuyasoma. Umekabidhiwa siri za watu, wewe ukaona umepewa redio. Na hiyo namba yako ya siri, bora ungeiandika mgongoni kwa makapeni, Mayige asipate taabu ya kuuliza.

Halafu unaniandikia mimi, kwenye gazeti linalofungiwa vitumbua mpaka Lamadi, ukamtaja mama wa watu kwa jina, kijiji na siku anayokuja kliniki. Yaani unaulalamikia mdomo wa Mayige huku wa kwako uko wazi.

Hofu yako naielewa. Mtoto yuko njiani, mshahara ni huo huo, na hakuna anayependa kuitwa wilayani. Lakini isome tena barua yako. Umeniuliza wizi au ndoo, hukuniuliza yule mama afanyeje. Mama mwenye virusi akinyonyesha bila dawa, mtoto anaweza kuambukizwa. Hilo ulifundishwa chuoni, mimi ni mwandishi tu.

Sasa sikiliza. Ndoo iache ifulie nguo. Leo hii, siyo baada ya mnada, kaa na Sista Wilhelmina umwambie yote, na nyimbo usizifiche. Taarifa iende wilayani kupitia kwake kabla umbea haujafika. Hiyo namba ya siri ibadilishwe, iwe ndefu, hata mkeo asiijue, na kishikwambi kisitoke tena mikononi mwenu kwenda kwa fundi yeyote. Mayige naye aitwe, aelezwe kwamba kutangaza ugonjwa wa mtu ni kosa la kisheria, atajua kama bado ana hamu ya kuchekesha watu.

Kwa yule mama usiende. Usimtumie mtu mwenye sare wala pikipiki ya zahanati, majirani wana macho na mumewe hajui. Sista ampigie simu, akihakikisha ni yeye anayeongea, amtafutie kliniki asikojulikana, Maswa au Lamadi, na dawa azipate haraka. Msamaha utaomba akikubali kukuona. Akikataa, nyamaza.

Unaweza kufukuzwa, sikufichi. Ukifukuzwa utaniandikia tena, nami nitakuonea huruma kwelikweli. Yule mtoto ananyonya sasa hivi unaposoma hapa, na hajui kuandika.