Mpimaji wa Madereva Naye Kafutiwa Leseni

Arlene shoga, sijui nicheke au nilie!

Mzee wangu Verlin kaitwa kupimwa udereva upya. Eti jimbo letu la Nebraska limezifanya sheria zake za leseni za malori zifanane na zile za taifa. Kabeba mahindi kwa lori tangu ujana, leo apimwe!

Mpimaji nani? Duane, aliyefundishwa lori na Verlin mwenyewe! Akatazama kompyuta, akanywea.

"Mzee, hata mimi nimefutiwa. Cheti changu cha afya hakijafika Washington, kwa serikali kuu."

"Sasa nani atanipima?"

"Mwenye leseni."

"Yuko wapi?"

Duane akazima kompyuta!

Tegua kitendawili hiki: anapima madereva wa malori, lori haruhusiwi kugusa. Duane!

Mahindi yako ambayo Verlin angeyabeba yatabaki shambani, shoga, na theluji hiyo inakuja. Ila barabara ziko salama kabisa, maana madereva wameisha.