Gunia Moja, Watoto wa Kwetu

Saboti, karibu na Kitale
Agosti 1951

Mayi mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mtoto wako Bramwel. Mimi niko mzima, ni baridi ya mlima tu inanisumbua. Baba mguu wake unaendeleaje? Na wewe Jentrix unayesoma, soma pole pole, usimrukie mama maneno kama kawaida yako ati unataka kwenda kucheza.

Mayi, ile habari ya chuo cha walimu ni ya kweli! Mwalimu Zachary wa misheni anachagua mtu mmoja tu. Wenzangu walikuja na viatu, wamemaliza shule. Mimi si unajua, hesabu nimejifunza mwenyewe kwa kitabu kimetoka jalada, nikichunga ng'ombe za mzungu. Lakini zile hesabu za maneno, bana, naziweza! Unasoma mara mbili, unauliza wanataka nini, unatafuta ya mmoja kwanza, halafu ndiyo unagawanya.

Swali lilikuwa hili: gunia la mahindi linalisha watoto wanne wiki tatu. Watoto wa kwenu litawalisha wiki ngapi? Nikaruka ubaoni. Nikasema mtoto akiwa mmoja, atakula wiki kumi na mbili. Sasa kwetu... hapo mkono ukasimama. Si ulitukataza, ati watoto si kuku wa kuhesabiwa, kifo kina masikio? Hata karani wa chifu alipokuja kuandika watu, ulitusukuma ndani ya mahindi mpaka akaenda. Wenzangu wakacheka, mmoja akasema mchunga ng'ombe amesahau ndugu zake. Basi nikaandika sita. Wiki mbili kamili.

Zachary akaniambia nitaje majina. Nikamtaja na Rispah. Mwalimu naye ni mtu wa kwetu Kanduyi, alikuja kwa mazishi ya dada. Akaniambia chini chini nifute, hesabu inataka midomo, haitaki makaburi. Nikamjibu kwamba mama bado anamkatia Rispah ugali wake kila jioni, anauweka kando ya mafiga, na fungu hilo si linatoka kwa gunia lile lile? Halafu akasema nikitaka chuo nifute, nisipotaka nikae chini.

Mayi, nilifuta. Niliandika tano. Jibu likatoka na vipande, wiki mbili na sehemu mbili za tano, watu wakapiga makofi. Nafasi ni yangu. Lakini chakula kinanikataa. Nimekuhesabia watoto mbele ya watu, na mmoja nimemtoa kwa mkono wangu. Nyongesa akikohoa tu huko, nitajua ni mimi.

Nitumie neno moja tu kwa mtu anayepanda huku mlimani: niende chuo, ama nirudi nyumbani. Ukinikataza sitaenda.

Wasalimie wote, na mara hii sihesabu: baba, Nekesa, Nyongesa, Khaemba, na huyu Jentrix mwenye haraka. Na jioni ukikata ugali, mkatie Rispah wake kwanza, umwambie Bramwel amemsalimia.

Ni mimi mtoto wako,
Bramwel