Chenso ya Barafu

Baba Neema,

Leo salamu sikupi. Bado nimekasirika, na we unanijua nikikasirika.

Unakumbuka ulivyokuja na ile simu, unanionyesha Wazungu wamesimama juu ya ziwa lililoganda, wanatoboa tundu kwa chenso, ule msumeno wa injini, na kuvua samaki humo? Ulicheka mpaka ukakaa chini. Wiki hiyohiyo ukaanza kutoboa kwa chenso yako mabonge yetu ya barafu yanayotoka Mwanza, sangara wangu wa kuuza wakawa wanalala humo ndani bila kuchubuka. Kagongwa nzima ikakuita Mzungu. Mnyororo wa chenso uliulainisha kwa mafuta ya alizeti tu, maana oili ingenuka kwenye samaki.

Na uliniapia. Tulipotoka kumzika kaka yako aliyefukiwa na kifusi kwenye machimbo ya dhahabu, ulinishika mkono palepale makaburini ukasema, "Mama Neema, mashimoni sirudi tena." Nikakuamini, mjinga mimi.

Kumbe! Kila ulipoaga unaenda Kahama kunoa chenso, ulikuwa machimboni, unawakatia wenzio magogo ya kushikilia kuta za duara, lile shimo lao la dhahabu. Samaki wakaanza kunuka oili, wateja wakawa wananirudishia. Nikamtukana kijana anayetuletea barafu, nikidhani oili ni yake, mbele za watu, na we umekaa pembeni unakunywa chai. Hata kukohoa hukukohoa, baba!

Siku waliponipigia simu kwamba duara limeporomoka na we umo, nilicheka. Nikawaambia wamekosea namba, mume wangu yuko Kahama ananoa chenso. Nikakata. Hilo ndilo halinitoki mpaka leo. Umenifanya niucheke msiba wako mwenyewe.

Baada ya mazishi wenzio waliniletea chenso. Nikafungua kifuniko, nikakuta unga wa mbao umegandamana na oili chafu. Barafu haiachi unga, Baba Neema, inaacha maji tu. Nikalia palepale uani, na kilichoniliza ni hasira. Kwa nini hukuniambia? Ningefoka, ndiyo, hata kupika ningesusa. Lakini ningejua uko wapi, nikuombee.

Juzi wamerudi wanaitaka chenso, eti ulishawaahidi. Nimewafukuza na maneno yangu yote unayoyajua. Nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikatia alizeti, jana nimetoboa bonge mwenyewe. Ilinitetemesha mpaka meno! Neema alinipigia makofi. Tundu limeenda upande, lakini samaki hawanuki. Na yule kijana wa barafu nimemwomba radhi, kazi ambayo ilikuwa yako.

Haya, lala, Mzungu wangu. Chenso hii haitagusa gogo tena, nakuahidi, na mimi nikiahidi nimeahidi. Siku nikikusamehe nitakuja mwenyewe kaburini kukuambia.

Leo bado.

Mama Neema