Kiherehere wa Kompyuta ya Maabara

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika asubuhi, umerudi, na kompyuta ya maabara imerudi haina mtandao. Tena! Majibu ya vipimo yamebaki humo humo, hayaendi wodini. Muuguzi wa wodi ya watoto kaja mbio kuyachukua kwa mkono, anahema, anasema sisi watu wa kompyuta tutamfanya apoteze mtoto wa mtu siku moja.

Babu Waya, fundi wetu mkongwe wa kompyuta, kaenda na bisibisi yake mfukoni — ya nini, hata sijui — kaandika anwani ya mtandao, zile namba za kuitambulisha kompyuta, kwenye faili, kwa mkono, vile alivyonifundisha mimi nilipoajiriwa hapa sijui hata kushika kipanya. Ikakubali. "Imepona," akasema.

Hii imepona mara ngapi jamani?

Jumanne, 4 Machi

Meneja kaniita pembeni. Mkataba wa Babu Waya unaisha mwezi huu. Maabara ikikatika mtandao tena, hauongezwi. Eti mzee amechoka, si naona mwenyewe?

Mimi sioni. Naona mtu anatengeneza kitu vizuri na kitu hakitengenezeki. Lakini nimeitikia ndiyo bosi, ndiyo bosi, nikatoka nimevimba kama chura. Babu akae nyumbani afanye nini? Atafungua redio ya mkewe na kuifunga mpaka mama wa watu amtimue. Kazi hii ndiyo inayomwamsha asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkamata mchawi! Si virusi, si umeme, si Babu. Ni ile programu iliyokuja na mfumo mpya mwezi uliopita. Haionekani kwenye skrini, inajiendesha chinichini, kazi yake kupanga mambo yote ya mtandao. Kompyuta ikiwaka tu, yeye keshaamka, anajiombea anwani yoyote anayopewa. Faili la Babu hasomi kabisa. Babu akiandika, anwani inashika mpaka kompyuta izimwe, basi; ikiwaka tena, programu inaweka yake.

Nimempa jina: Kiherehere. Ni kama mgeni anayepanga upya sufuria zako ukiwa kazini, kwa nia njema kabisa! Siwezi hata kumchukia. Hakuna aliyemwambia kwamba kompyuta ile ina anwani yake maalumu, na bila hiyo haipati mtandao. Ukitaka jambo, unamwambia yeye mwenyewe.

Sasa nani amwambie Babu kwamba njia yake haisomwi tena? Nimeenda mlangoni kwake mara mbili. Mara zote nimeishia kumuuliza kama amekunywa chai.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya mwenyewe, Babu alipoenda kula. Nikampa Kiherehere anwani, akaipokea bila kinyongo. Dakika chache tu.

Babu akarudi, akaamua kuliandika faili lake upya, polepole, miwani puani, anajisomea kwa sauti. Tukazima, tukawasha. Hewani! Akapiga makofi kama mtoto, akanishika bega. Kumbe ni haraka yake tu ndiyo iliyokuwa inamponza, akasema. Nikacheka naye.

Nimefurahi, niseme ukweli. Nimerudi nyumbani nikamsimulia mama, nikitegemea sifa. Akaniuliza: nimemsaidia au nimemficha ukweli? Mama naye!

Jumatatu, 10 Machi

Umeme umekatika mara mbili, maabara haikutetereka. Muuguzi kaja na biskuti. Meneja kamsifia Babu mbele ya watu wote, halafu — ole wangu — kampa kazi. Keshokutwa kompyuta zote za wodi zipewe anwani mpya, kwa njia ile ile ya maabara, meneja mwenyewe akiwepo. Zikikaa sawa, mkataba upo.

"Hamna shida," Babu akasema. Kifua mbele!

Wodi zote. Kwa faili lisilosomwa na mtu. Nilitaka kumwokoa, nimemchimbia shimo. Mama ananiangalia tu.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye simu, nimesimama chumba cha seva, zile kompyuta kuu.

Nilikuja mapema nimwambie. Nikamkuta ameshafika. Hakunisalimia — yeye, anayesalimia hata feni! Alikuwa amefungua faili lake la maabara ili alinakili kwa ajili ya wodi. Akanionyesha kwa kidole: namba moja aliiruka siku ile. Kwa faili lile kompyuta isingepata mtandao hata kwa maombi.

"Sasa nani anaipa anwani, mwanangu?"

Nikasema yote. Kiherehere, Ijumaa, saa yake ya chakula. Uso wake ulivyokuwa, bora angenitukana.

"Kwa hiyo ulinihurumia."

"Samahani, Mzee. Niliogopa—"

"Huruma wapelekee wagonjwa, wodi zimejaa. Mimi ungenifundisha."

Nimelia. Ameniacha nilie, ametazama pembeni. Halafu akavuta kiti cha pili. Nisiguse chochote, akasema. Yeye ataandika, mimi niseme.

Tumeanza na kompyuta ya wodi ya watoto, tunaiendesha kutoka humu humu. Anaandika kwa vidole viwili, kila neno anauliza ni la nini. Na huyu Kiherehere, umeme ukikatika, hasahau? Hasahau, Mzee, akishaambiwa. "Basi ana adabu kuliko wewe," akasema, na sijui kama ulikuwa utani.

Katikati ya hapo meneja kaingia. Kasimama, kasikiliza. Akauliza mbona ninayesema ni mimi, si kazi hii ni ya Mzee?

Nilifungua mdomo nimtetee. Babu kanitangulia, hata hakugeuka.

"Kwa sababu mimi hii sijui. Najifunza. Subiri."

Meneja katazama saa, katazama mgongo wa Babu, kabaki. Babu kabonyeza, kompyuta ya wodi inawaka upya, skrini yetu bado nyeusi. Simu kutoka wodi ya watoto inaita na hakuna anayeipokea, sote macho kwenye skrini.