Rakaa ya Tano

Jumatano, Kwedizinga

Mimi wa kuambiwa Subhanallah! Mimi niliyesalisha msikiti huu tangu hauna bati. Alasiri nimesimama tena, nyuma wakasema Subhanallah kunionya nimekosea, nikajua wamekosea wao. Nikaendelea.

Tulipotoa salamu mdogo wangu Shabani kasema, "Kaka, tumesali rakaa tano badala ya nne."

"Wewe, kutawadha nimekufundisha mimi!"

Hakuna aliyecheka. Wote waliangalia mkeka.

Daktari wa Korogwe alisema huu ugonjwa wangu wa neva, maltipo sklerosisi, utakula miguu na kumbukumbu. Miguu sawa, fimbo ninayo. Lakini kichwa changu!

Shabani anataka alfajiri asalishe yeye. Nimekataa. Nitasoma mimi, kwa sauti, wasikie wote.

Sasa hivi nimejaribu Alhamdu, sura ya kila rakaa, peke yangu. Nimekwama katikati. Nimeanza upya, nimekwama palepale.